Sindano ya jino: vyombo vya kisasa vya kutia ganzi, na nini kinaumiza kweli

Kutoka Bunia mpaka Kalemie, kuko watu wenye wanavumilia jino lenye kuoza kwa miezi mingi. Wanameza vidonge vya maumivu, wanasukutua maji ya chumvi, wanaweka karafuu, na wanasema wataenda kwa munganga wa meno siku ingine. Bei ni sababu moja. Sababu ingine, yenye watu wazima wanasema kwa sauti ya chini, ni sindano.

Woga huo si kitu cha kuchekelea. Jino lenye usaha likiachwa, uchafu unaweza kushuka mpaka shingoni, ukavimbisha fasi ya kupitishia pumzi, na mutu akakufa. Kwa hiyo sindano yenye haiumize sana si mambo ya starehe tu. Inaweza kumufanya mutu aende kutunzwa mapema, wakati jino lingali linaweza kuponeshwa.

Tangu miaka ya 1990, makampuni ya Marekani, Ulaya na Asia yametengeneza vyombo vingi vya kutia dawa ya ganzi mukinywa: mashini zenye kusukuma dawa kwa ordinatere, kalamu zenye batri, vyombo vyenye kurusha dawa bila sindano, vifaa vyenye kutetemeka, na hata dawa ya kupuliza mupuani. Habari hii inaeleza kila kimoja kinafanya nini, kinasaidia wapi na kinashindwa wapi. Inaeleza pia jambo moja lenye mugonjwa wa Butembo ao wa Uvira anaweza kutumia hata kama kabine fasi anatunzwa haina kuranti: kazi kubwa ya mashini hizi ni kuingiza dawa polepole, na mukono wa mutu unaweza kufanya vile pia.

Dawa ya ganzi inafanya nini

Ndani ya kila jino kuko mushipa mudogo wa fahamu, wenye watu wa afya wanaita neva. Jino likiguswa, neva inatuma habari ya maumivu mpaka kwenye ubongo. Dawa ya ganzi, yenye wengi wanaitaka anestezi, inafunga njia ya habari hiyo kwa muda. Haimulalishe mugonjwa. Anaendelea kuona, kusikia na kuongea, na anaweza kusikia kama wanamusukuma ao wanamuvuta, lakini hasikie maumivu.

Dawa yenye inajulikana zaidi ni lidokaini. Mara nyingi wanaichanganya na adrenalini kidogo sana. Adrenalini inakaza mishipa ya damu kandokando ya jino, na kwa hiyo dawa haibebwe na damu haraka. Inakaa fasi ileile, ganzi inadumu, na damu haitoke sana. Lidokaini yenye adrenalini kwa ajili ya meno iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani (OMS). Maana yake, si dawa ya watajiri. Ni dawa yenye kila inchi inapaswa kuwa nayo.

Kuna wakati ganzi haishike, na mugonjwa anasema: «Walinipiga sindano mbili, nikasikia yote.» Si lazima dawa iwe ya uongo. Fasi kuna usaha, nyama inakuwa na asidi, na asidi inazuia dawa kuingia ndani ya neva. Ni sababu ingine ya kutongoja mpaka shavu livimbe.

Kutoka kokaini mpaka kartushi

Historia ya sindano ya jino inaanza na watu wawili wa mwaka 1853: Charles Pravaz wa Ufaransa na Alexander Wood wa Scotland. Kila mumoja kwa upande wake alitumia sindano yenye tundu pamoja na pompe ndogo. Jina la Pravaz lilibakia kwa muda murefu katika vitabu vya Kifaransa vya waganga.

Mwaka 1884, kule Vienna, Carl Koller alionyesha kwamba kokaini inaweza kutia jicho ganzi. Kisha miezi kidogo tu, William Halsted wa New York aliitumia kwa kufunga neva ya taya la chini. Lakini kokaini ilikuwa na bei yake: Halsted mwenyewe, mwenye aliijaribu kwenye mwili wake, aliishia kuwa mutumwa wa dawa hiyo. Alfred Einhorn, mutu wa Ujerumani, alitengeneza prokaini kwenye mwanzo wa karne ya 20, na watu wakaijua kwa jina Novocain. Mwaka 1943, Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokaini, na ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Ni hiyo ingali inatumika leo.

Kichupa kidogo cha kioo chenye kuingia ndani ya seringi ya chuma, chenye kuitwa kartushi, kilitoka vitani. Harvey Cook, munganga wa jeshi la Marekani wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alichukua wazo hilo kwenye risasi za bunduki: kipimo kimoja kimefungwa tayari, unakiweka, unatumia, unakitupa. Kartushi ya kawaida iko na 1,8 ml ya dawa, ao 1,7 ml. Seringi ya chuma yenye kubeba kartushi ingali ndiyo chombo chenye kinatumika zaidi ulimwenguni kwa kazi ya meno. Vyombo vyote vyenye vinafuata hapa vilitengenezwa kwa sababu ya kasoro zake.

Nini kinaumiza

Watu wengi wanafikiri kwamba ni sindano yenyewe. Ni kweli kidogo tu. Sindano za meno ni nyembamba sana, na ncha ikiwa kali, na nyama ya meno ikiwa imepakwa jeli ya ganzi mbele, mugonjwa anaweza kusikia kitu kidogo tu.

Chenye kinaumiza zaidi ni dawa ikiingia kwa nguvu. Katika nyama yenye kushikamana na mufupa, sana sana kwenye dari ya kinywa, hakuna fasi ya dawa kuenea. Ikisukumwa haraka, inapasua njia yake kati ya nyama na mufupa. Tena, dawa yenye adrenalini iko na asidi kwa sababu ya kuihifadhi, na hiyo inaleta ile hali ya kuungua. Dawa yenye imetoka tu kwenye frigo inaumiza pia zaidi ya ile yenye iko na joto la chumba.

Vitabu vya mafundisho ya meno vinatoa kipimo: karibu 1 ml kwa dakika moja. Ni kusema kartushi moja yote ingepaswa kuchukua karibu dakika 2, na haipaswi kabisa kupungua dakika 1. Munganga mwenye wagonjwa 20 wanamungojea kwenye veranda anaweza kuimaliza kwa sekunde 10. Hapo ndipo mashini zilipatia nafasi yao.

Mashini zenye kusukuma dawa polepole

Ya kwanza kujulikana ni The Wand, ya kampuni Milestone Scientific ya Marekani, yenye ilianza kuuzwa mwaka 1997. Mutu mwenye kazi yake iko nyuma ya chombo hicho ni Mark Hochman, munganga wa meno. Inafanana na kisanduku kidogo chenye kuwekwa juu ya meza. Kartushi inaingia ndani ya kisanduku. Kutoka hapo, tiyo nyembamba inapeleka dawa mpaka kwenye kalamu nyepesi ya plastiki yenye kubeba sindano. Munganga anashika kalamu hiyo sawa vile mutu anashika biki, na anaamuru mashini kwa muguu, kupitia pedali. Kwenye mwendo wa polepole, dawa inatoka karibu tone moja kila sekunde 2. Tone la kwanza linatangulia sindano, linatia ganzi fasi sindano itapita.

Mashini inajua pia kuvuta. Munganga akitoa muguu, inarudisha nyuma kidogo ili aone kama damu inaingia. Damu ikionekana, sindano iko ndani ya mushipa wa damu, na inapaswa kuhamishwa. Hilo ni jambo la maana sana: dawa yenye kuingia moja kwa moja ndani ya damu inaweza kuufanya moyo upige mbio, na mugonjwa akasikia kizunguzungu na kutetemeka.

Mwaka 2007 kampuni hiyo ilileta mashini ingine, STA, yenye inapima nguvu ya dawa kwenye ncha ya sindano wakati inaendelea kuingia. Inasaidia kupata kile kifasi chembamba kati ya jino na mufupa wake, na kutia ganzi jino moja tu. Mudomo na ulimi vinabakia na hisia. Kwa mutoto, hiyo ni faida kubwa, kwa sababu hataweza kujiuma mudomo bila kujua.

Kuna zingine. Calaject inatoka Denmark, kampuni ya Rønvig: kisanduku cha mezani, programu tatu za mwendo, na kalamu yenye kupokea kartushi na sindano za kawaida. Dentapen inatoka Uswisi, kampuni ya Juvaplus: haina tiyo wala pedali, inatumia batri, na inaingia yote ndani ya mukono. Japani na Korea Kusini wanatengeneza pia za kwao.

Je, zinaondoa maumivu? Utafiti umefanywa mara nyingi, na matokeo hayalingane. Mara ingine wagonjwa wa mashini walisema waliumia kidogo kuliko wale wa seringi ya kawaida, sana sana kwenye dari ya kinywa. Mara ingine tofauti haikuonekana. Chenye hakina ubishi ni hiki: mashini haichoke, haina haraka, na haionekane sawa seringi ya chuma. Kwa mutu mwenye moyo unaruka akiona chuma kile, hilo peke yake linasaidia.

Kupitia kamba ya jino na kupitia mufupa

Kwa taya la chini, njia ya kawaida ni kufunga neva kubwa nyuma kabisa, karibu na pembe ya taya. Nusu yote ya taya, mudomo na mara nyingi ulimi vinakufa ganzi. Njia hiyo inaweza kukosa hata mukononi mwa mutu mwenye uzoefu, juu neva haionekane na haikae fasi moja kwa watu wote.

Kwa hiyo kulitokea vyombo vya kuifikia neva karibu zaidi. Kimoja ni seringi yenye umbo la pistola ao la kalamu, kama Peri-Press na Ligmaject. Inasukuma matone kidogo ya dawa ndani ya kamba nyembamba zenye kushikilia jino kwenye mufupa. Ganzi inakuja mara moja, lakini nguvu yake ni kali. Ikitumiwa bila uangalifu, jino linaweza kuuma siku moja ao mbili kisha kazi.

Kingine kinapitia mufupa wenyewe. QuickSleeper, yenye inatengenezwa Ufaransa na kampuni Dental Hi Tec, iko na sindano yenye kuzunguka. Wanatia kwanza ganzi nyama ya juu, kisha sindano inazunguka na kupita mufupa mulaini kati ya meno mawili, na ordinatere inaingiza dawa polepole. Jino linakufa ganzi karibu papo hapo. Lakini dawa yenye kuwekwa ndani ya mufupa inaingia haraka katika damu, na mugonjwa anaweza kusikia moyo wake unapiga mbio kwa dakika kidogo. Mutu mwenye ugonjwa wa moyo anapaswa kusema hivyo mbele.

Bila sindano

Wazo la kurusha dawa bila sindano si la leo. Katika miaka ya 1940 Robert Hingson wa Marekani alikuwa tayari anatumia chombo chenye kurusha dawa kwa nguvu mpaka ikapenya ngozi. Kwa meno, kulitokea vyombo kama Syrijet na MadaJet: resorti inakazwa, butoni inafinywa, na dawa inaruka kupitia tundu jembamba sana na kuingia ndani ya nyama ya meno.

Faida yake inaeleweka: hakuna sindano. Lakini kinapiga kelele ya ghafula, na kelele hiyo inaweza kumushitua mutoto zaidi ya sindano. Kinaacha damu kidogo, na dawa yenye kumwangika kwenye ulimi ni chungu. Zaidi ya yote, hakifike mbali. Kinatosha kwa kutia ganzi nyama ya juu ao jino la mutoto lenye kutikisika. Hakitoshi kwa kufunga neva ya taya la chini.

Kuna pia fundisho kuhusu usafi. Mwaka 1985, kule California, kulipatikana kwamba watu wengi wa kliniki moja ya kupunguza uzito waliambukizwa ugonjwa wa ini wa B kupitia chombo cha kurusha dawa chenye kilitumiwa kwa mutu mumoja kisha mwingine. «Bila sindano» haimaanishi «bila hatari». Kila chenye kinagusa damu kinapaswa kuwa cha mutu mumoja, ao kichemshwe kwa mashini ya kuua vijidudu.

Kuhusu dawa ya mupuani, Marekani ilikubali mwaka 2016 dawa yenye kuitwa Kovanaze. Ilikuwa mchanganyiko wa tetrakaini na oksimetazolini wenye kupulizwa ndani ya pua. Ilikuwa inatia ganzi meno ya mbele ya juu tu, si magego, si taya la chini, na kwa mutu mwenye kilo 40 na zaidi. Kuna tena jeli ya Oraqix, yenye lidokaini na prilokaini, yenye inawekwa kati ya jino na nyama kwa ajili ya kusafisha. Haitoshi kwa kungoa jino.

Jeli ya kupaka mbele ya sindano ingali na faida, kama nyama imekaushwa kwanza na jeli imeachwa dakika 1 ao 2. Lakini wazazi wanapaswa kujua hili: jeli zenye benzokaini zisipakwe kwa mutoto mwenye hajafikisha miaka 2, hata kama meno yanamuota na analia. Zinaweza kuharibu namna damu inabeba hewa.

Kutikisa, kama mama mwenye kusugua goti

Mutoto akianguka, mama anasugua goti lake, na maumivu yanapungua. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza juu ya nini: habari ya kuguswa inapita njia ya haraka, na ikifika inafunga mulango kwa sehemu ya habari ya maumivu. Kwa wazo hilo kulitengenezwa vifaa kama VibraJect, chenye kubandikwa kwenye seringi, na DentalVibe, chenye kutetemesha nyama karibu na fasi ya sindano.

Na hapa tena, mukono unajua njia hiyo tangu zamani. Munganga mwenye kushika shavu ao mudomo na kulitikisa wakati sindano inaingia anafanya jambo lilelile, bila batri na bila kulipa kitu.

Kurudisha hisia haraka

Kwa lidokaini yenye adrenalini, jino lenyewe linakaa na ganzi karibu saa 1, lakini mudomo na ulimi vinaweza kukaa saa 3 mpaka 5. Mwaka 2008 Marekani ilikubali OraVerse, sindano ya pili yenye fentolamini. Inafungua mishipa ya damu, damu inabeba dawa, na muda wa ganzi ya mudomo unapungua karibu nusu. Kama haiko, kuna uangalizi tu: mutoto asile wala asitafune kitu mpaka mudomo urudie hali yake, na muzazi amutazame. Watoto wengi wanatafuna mudomo wao wakifikiri ni muchezo, na kesho yake mudomo umevimba, na mama anafikiri ni munganga alimuharibia.

Vyombo hivi mashariki mwa Kongo

Mashini ya mezani inahitaji kuranti yenye haikatike katikati ya kazi, ao pano za jua zenye batri nzuri. Inahitaji mutu wa kuitengeneza ikiharibika. Tena, zingine, kama The Wand, zinatumia kalamu na tiyo zao zenyewe, kipya kwa kila mugonjwa. Kabine yenye imenunua mashini lakini haipate vipuli vyake itaiweka kabatini, ao, na hiyo ni mubaya zaidi, itarudilia kutumia kifaa cha mutu mumoja kwa mwingine. Zile zenye zinapokea kartushi na sindano za kawaida, na zenye batri, zinafaa zaidi kwa fasi kama Beni, Shabunda ao Fizi kuliko zile za kifahari.

Lakini mbele ya mashini, kuna mambo ya lazima. Pahali kartushi hazipatikane, watu wa afya wanatumia flakoni kubwa ya lidokaini na seringi ya plastiki. Inawezekana kufanya vizuri hivyo, kama sindano yenye imeingia ndani ya mutu hairudi tena ndani ya flakoni. Ikirudi hata mara moja, flakoni yote inaweza kubeba ugonjwa wa ini ao VIH mpaka kwa mugonjwa wa mwisho wa siku. Kartushi pia haigawanywe: wakati munganga anavuta ili aone kama kuna damu, damu kidogo inaweza kuingia ndani. Dawa yenye inabakia inatupwa, hata kama ni nusu.

Joto linaharibu adrenalini. Kule Uvira na Kalemie, fasi jua linawaka, sanduku la kartushi lenye kuachwa kwenye dirisha linapoteza nguvu yake mbele ya tarehe yenye imeandikwa juu yake. Dawa ikaukae mbali na mwangaza, chini ya digrii 25.

Kilo za mutoto

Hapa ndipo hatari kubwa iko, na hakuna mashini yenye inaiondoa yenyewe. Kipimo cha lidokaini kinafuata uzito. Kwa mutoto, mwiko wenye unafuatwa mara nyingi ni 4,4 mg kwa kila kilo, kwa jumla, kwa kikao kimoja. Kartushi moja ya 1,8 ml yenye lidokaini 2% iko na 36 mg.

Mutoto wa kilo 15 hapaswi kupita 66 mg. Kartushi 2 ni 72 mg: tayari zimepita. Mutoto wa kilo 10 hapaswi kupita 44 mg, ni kusema kartushi moja na kidogo tu. Mutu mukubwa wa kilo 60, kwa mwiko uleule, anafika 264 mg, karibu kartushi 7. Ndiyo maana kurudilia sindano kwa mutoto mudogo «mpaka ishike» ni jambo la hatari. Dawa ikizidi, inaanza kwa maneno kuchanganyika, masikio kulia, mwili kutetemeka. Kisha inaweza kuleta kifafa, na pumzi ao moyo kusimama. Mutoto apimwe kilo mbele ya sindano. Kipimo cha soko kinatosha kama hakuna kingine.

Mambo ya kuuliza na ya kusema kwa munganga

Mugonjwa ao muzazi hapaswi kuogopa kuuliza, kwa heshima, mbele ya kazi kuanza:

Sindano ni mupya, na imefunguliwa mbele ya macho yake? Kartushi ni nzima, dawa ndani ni safi, bila rangi wala vichafu, na tarehe yake haijapita?

Kuna jeli ya kupaka mbele? Kama haiko, munganga anaweza kutikisa shavu wakati anaingiza sindano?

«Munganga, ninaomba utie dawa polepole.» Maneno hayo hayalipishwe, na hakuna munganga wa kweli mwenye atayakasirikia.

Mbele ya kushika koleo, angojee mpaka dawa ishike. Kwa lidokaini ni dakika 2 mpaka 5, na mara ingine zaidi kwa taya la chini. Ajaribu kwanza kwa kugusa. Mugonjwa akisikia maumivu, ainue mukono, na kazi isimame.

Kwa upande wake, mugonjwa aseme yote: ugonjwa wa moyo, presio ya juu, mimba, dawa zenye anameza, na kama siku moja sindano ilimuletea shida. Mimba haikatazi sindano ya lidokaini kwa jino lenye kuuma. Inabidi tu munganga ajue. Tena, mutu asikuje na njaa tangu asubui, kwa sababu watu wengi wenye wanazimia kwenye kiti hawazimie juu ya dawa. Wanazimia juu ya woga na tumbo tupu. Akizimia, alazwe, miguu ipandishwe, na mara nyingi anarudilia hali yake upesi.

Na kuko wakati wa kutongojea siku ya kabine. Kama uvimbe umeshuka chini ya kidevu ao shingoni, kama mutu hawezi kufungua kinywa, hawezi kumeza mate, iko na homa kali ao anapumua kwa shida, apelekwe hospitali kubwa saa ileile, hata kama ni usiku. Hapo si tena mambo ya jino, wala ya kuogopa sindano.